Feni Iliyonyamaza Katika Gari la Msikiti



Safu hii imezoea kuzungumzia mambo ya nyumbani: matumizi, malezi, afya na ujirani mwema. Leo tunaomba idhini ya kuwaingiza gereji, kwa sababu siku hizi familia nyingi zina gari, na gari ni mlango mmoja mkubwa ambao fedha ya nyumba hutokea bila ya mwenye nyumba kujua imekwenda wapi. Tutakayoyasimulia yametukuta sisi wenyewe, na kosa lilikuwa letu.

Msikiti wetu, hapa Dar es Salaam, una gari moja la abiria wanane, lililonunuliwa likiwa limekwisha kutumika Japani. Si gari la fahari. Hupeleka wagonjwa kliniki, huwarudisha walimu wa madrasa makwao usiku, na panapotokea msiba hubeba akina mama hadi nyumba ya wafiwa. Sisi, kwa nafasi ya ukatibu, ndio tunaoshika daftari la kamati, na kila shilingi inayoingia katika gari hilo hupita chini ya kalamu yetu.

Mwezi wa Januari, joto la jiji lilipopamba moto, kiyoyozi cha gari kilianza kupuliza hewa ya moto. Tukalipeleka kwa fundi. Akasema gesi imeisha, akaijaza, tukalipa shilingi 70,000. Baada ya majuma matatu hali ikarudi vilevile. Akaongeza gesi tena, tukalipa 70,000 nyingine. Haukupita mwezi, fundi wa pili akatuambia kwamba kompresa imekufa, na kwamba kompresa iliyotumika ingegharimu 480,000 pamoja na ufundi 60,000. Jumla 540,000. Kamati ikakubaliana kuwa tangazo litolewe Ijumaa, watu wachange.

Kabla ya Ijumaa kufika, gari lilichemka. Dereva wetu alikuwa akimrudisha kutoka hospitali mzee mmoja wa mtaani mwenye maradhi ya figo, ambaye husafishwa damu mara tatu kwa wiki na hutoka huko akiwa hana nguvu hata ya kushika bakora yake. Wakakwama katika foleni ya Buguruni, saa saba mchana. Hewa ndani ya gari ikawa ya moto, mshale wa joto la injini ukapanda hadi kwenye alama nyekundu, na mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti. Kijana akasogea pembeni, akamteremsha mzee, akamkalisha chini ya mkungu kando ya barabara, kisha akamtafutia bajaji ya kumfikisha nyumbani.

Jioni ile maneno mabaya yalisemwa katika kikao. Wapo waliosema dereva haangalii maji. Wapo waliosema atafutwe mwingine. Na sisi, tukiwa tumeshika kalamu, hatukumtetea.

Maswali matatu ya mzee

Katika msikiti wetu yupo mzee mmoja, fundi mstaafu wa magari, ambaye macho yamepungua lakini akili i timamu. Alitusikiliza, kisha akamgeukia dereva badala ya kutugeukia sisi wajumbe.

"Mwanangu, gari likiwa linakwenda kasi barabara ikiwa wazi, hewa inapoa?"

"Inapoa, mzee. Baridi kabisa."

"Likisimama kwenye foleni?"

"Inakuwa moto. Likianza kwenda tena, baridi inarudi."

"Na mshale wa joto?"

"Unapanda wakati huohuo. Nikizima kiyoyozi unashuka kidogo kidogo."

Mzee akanyamaza kidogo. "Ulishawahi kuyasema haya?"

Kijana hakujibu. Alitutazama sisi. Tukafungua daftari, na pale, kwa mwandiko wetu wenyewe, katika kumbukumbu za kikao cha mwezi uliotangulia, palikuwa na mstari huu: "Dereva asema kiyoyozi hufanya kazi gari likitembea. Limepokewa."

Maradhi ya gari yalikuwa yamekwisha kuandikwa. Tuliyapokea, tukayafungia ndani ya daftari.

Kwa nini gari hupoa likikimbia?

Hapa yafaa tueleze jinsi kifaa hiki kinavyofanya kazi, kwani asiyejua huuziwa chochote.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi; huhamisha joto. Gesi iliyomo ndani yake hubanwa na kompresa, ambayo huzungushwa na mkanda wa injini. Ikishabanwa huwa na moto mkali. Hupelekwa mbele ya gari, katika wavu wa mabomba membamba uitwao kondensa, uliosimama mbele ya rejeta. Hapo hupepewa, hupoa na kugeuka kimiminika. Kisha hupitishwa katika tundu jembamba, kani yake hushuka ghafla, na inapogeuka kuwa gesi tena ndani ya kifaa kilichofichwa nyuma ya dashibodi huvuta joto la hewa ya chumba. Gesi inayotumika katika magari mengi yaliyotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1990, iitwayo R134a, huchemka katika nyuzi 26 chini ya sifuri; ndiyo maana hata hewa ya vuguvugu hutosha kuichemsha.

Kazi yote hiyo husimama juu ya nguzo moja: upepo upite katika kondensa. Gari likiwa katika mwendo, upepo wa barabara hutosha. Likisimama hakuna upepo, na hapo ndipo feni za umeme zilizoko nyuma ya rejeta zinapotakiwa kuvuta hewa. Katika magari mengi madogo feni ni mbili, na zote huzunguka mara tu kiyoyozi kinapowashwa, hata kama injini bado haijapata moto.

Feni ikifa, joto la kondensa halina pa kwenda. Kani ya gesi hupanda. Ipo swichi ya usalama inayopima kani hiyo, na inapovuka kiwango huizima kompresa isije ikapasuka kitu. Dereva huona hewa imekuwa ya moto na kudhani kuwa gesi imeisha, kumbe kifaa kimejilinda. Na kwa kuwa rejeta ipo nyuma ya kondensa hiyohiyo yenye moto, na feni zilizopaswa kuipoza zimepungua, maji ya injini nayo huanza kupanda joto. Ndiyo sababu dalili hizi mbili zilikuja pamoja. Ugonjwa ulikuwa mmoja.

Vipimo vya uani

Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, mzee aliketi kwenye kiti cha plastiki uani kwa msikiti, dereva akawa mikono yake. Tunavieleza vipimo hivyo kwa mpangilio wake, kwa kuwa vingi havihitaji chombo cha gharama.

Kwanza, injini ikiwa baridi na ufunguo umetolewa, kila feni ilizungushwa kwa kidole. Ufunguo lazima utolewe, kwani feni ya umeme yaweza kujiwasha ghafla na kukata vidole. Ya kushoto ilizunguka kwa ulaini. Ya kulia ilikuwa nzito, ikikwaruza.

Pili, injini ikawashwa, na kiyoyozi kikawashwa. Kompresa ikaitika kwa mlio wake mdogo wa "ta!", ikaanza kuzunguka. Mzee akasema: "Mnasikia? Kompresa mnayotaka kuizika ni nzima." Feni ya kushoto ikazunguka. Ya kulia ikanyamaza. Baada ya dakika chache kompresa ikajizima na hewa ikawa ya vuguvugu.

Tatu, ndicho kipimo kilichotushangaza. Mzee akaomba kopo la maji kutoka mahali pa kutawadhia, akamwambia dereva amwagie kondensa taratibu kutoka mbele, mbali na nyaya. Makopo matatu yakamwagwa. Kompresa ikaitika tena, na ndani ya gari hewa ikawa baridi. Maji yalikuwa yamefanya kazi ya feni. Mwenye kuona hivyo hahitaji kuambiwa kuwa kasoro ipo katika upepo.

Nne, ilibaki kujua kwa nini feni imenyamaza. Feni hupata umeme kwa njia ya fyuzi na rilei, ambayo ni swichi ndogo inayoamrishwa na umeme. Fyuzi ilitazamwa: nzima. Rilei ilibadilishana nafasi na nyingine ya aina ileile iliyomo katika kisanduku hichohicho: hakuna mabadiliko. Plagi ya feni ikachomolewa, nayo ikakaguliwa kama imeyeyuka au kushika kutu, jambo linalotokea mara nyingi. Ilikuwa safi. Taa ya kupimia ikawekwa kwenye plagi, kiyoyozi kikiwa kimewashwa: ikawaka. Basi umeme unafika mlangoni, lakini mwenye nyumba haamki.

Tano, waya mbili zikatolewa moja kwa moja kwenye betri hadi kwenye mota ya feni. Ikashtuka na kusimama. Dereva akaigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi. Ikazunguka mara chache, ikasimama tena. Mzee akahukumu: brashi za kaboni ndani ya mota zimekwisha. Laiti mota ingezunguka vizuri kwa umeme wa betri, angetazama kwingine: kwenye nyaya, kwenye rilei, kwenye kipima joto cha maji au kwenye swichi ya kani ya gesi.

Hesabu

Mota iliyotumika, pamoja na feni yake, ilipatikana kwa shilingi 55,000. Mzee hakuchukua ujira. Hata hivyo gari halikupoa sawasawa siku ile, na sababu yake ilikuwa fedha yetu wenyewe: gesi iliyoongezwa mara mbili bila kupimwa ilikuwa imezidi. Gesi iliyozidi hupandisha kani kama vile feni iliyokufa, na dalili zake hufanana. Ikabidi twende kwa mwenye mashine ya kunyonya gesi yote na kuirudisha kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Hapo tukalipa 60,000.

Jumla ya matengenezo ni 115,000, mahali pa 540,000. Lakini 140,000 za mwanzo hazirudi, nazo zilitoka katika mikono ya watu ambao baadhi yao huja Ijumaa kwa miguu ili wabakishe nauli. Tulilisema hilo mbele ya kamati, na tunalisema hapa.

Yafaa msomaji ashike jambo hili: gesi ya kiyoyozi hailiwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Magari ya umri mkubwa hupoteza kidogo kwa miaka, lakini gesi inayoisha kila baada ya majuma matatu ina tundu la kutokea, au haikuwa imeisha tangu mwanzo. Fundi anayetaka kuijaza aulizwe maneno mawili: imevuja wapi, na umepima kwa nini? Alama za mafuta kwenye viungo vya mabomba huonyesha mahali pa mvujo, kwa kuwa gesi husafiri na mafuta ya kompresa. Na kuiachia hewani si jambo dogo: kwa kipimo cha miaka 100, kilo moja ya R134a huongeza joto la dunia kama kilo 1,430 za hewa ya ukaa.

Hatusemi kwamba kompresa haifi. Inakufa. Lakini ina dalili zake: hewa huwa ya moto hata gari likikimbia, au kompresa hupiga kelele za kusaga, au hupelekewa umeme na isiitike, au geji zinaonyesha kuwa inazunguka lakini haibani gesi. Kama hewa ni baridi ila hutoka kwa unyonge, tazama kwanza kichujio cha hewa ya ndani, ambacho katika magari mengi hukaa nyuma ya kidroo cha mbele ya abiria. Na kama feni zote mbili zinazunguka na bado gari hupata joto kwenye foleni, tazama kondensa na rejeta: vumbi, wadudu na mifuko ya plastiki huziba njia ya upepo.

Mikato inayogharimu

Zipo njia za mkato ambazo mafundi hutufanyia kwa nia njema, nasi hushukuru bila kujua.

Ya kwanza ni kuifunga feni moja kwa moja, izunguke muda wote ufunguo ukiwashwa. Kwa dharura ya njiani inasaidia. Kwa kudumu, mota huchoka mapema, injini huchelewa kupata joto lake, na waya uliofungwa bila fyuzi waweza kuwaka moto.

Ya pili ni kuondoa thamostati, ile vali inayoyazuia maji mpaka injini ipate joto. Wengi huiondoa wakidhani wameiponya injini. Wameiondolea kipimo. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi na huchakaa mapema, na ugonjwa ulioleta joto unabaki palepale.

Ya tatu ni kujaza maji ya bomba miaka nenda miaka rudi mahali pa kulanti. Maji matupu huleta kutu na ukoko katika mabomba membamba, na kutu hiyo huiua rejeta na pampu ya maji.

Gari likichemka njiani

Mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi, fungua vioo, washa kipasha joto cha ndani kwa nguvu zake zote. Mtavumilia moto usoni, lakini joto hilo limetolewa kwenye injini. Mshale ukifika kwenye alama nyekundu, usijipe moyo kwamba nyumbani ni karibu. Simama pahala pa salama, zima injini, teremsha watu, subiri walau nusu saa au zaidi. Hedi ya injini ya alumini hupinda kwa joto, gasketi yake huungua, na hapo gharama haihesabiwi kwa maelfu tena.

Na tunasisitiza hili kwa akina baba na kwa vijana wenye haraka: msifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa na moto. Kifuniko kile hushikilia kani, na kwa kani hiyo maji hupita nyuzi 100 bila kuchemka, hukaribia hata 120. Ukifungua, kani huondoka na maji hulipuka kuwa mvuke papo hapo, usoni na kifuani. Kitambaa mkononi si kinga. Subiri mpaka bomba la juu la rejeta liweze kushikwa bila kuunguza. Wala usimimine maji baridi ndani ya injini yenye moto, chuma hupasuka.

Kwa familia zinazopanga safari ndefu, kipimo cha dakika tano kinatosha kuzuia mengi. Injini ikiwa baridi, tazama maji. Washa injini, washa kiyoyozi, fungua boneti, watoto wakae mbali, hesabu feni zinazozunguka. Kama ni mbili na moja imelala, umeujua ugonjwa kabla haujakukuta Chalinze na mtoto mchanga mkononi.

Kikao kilichofuata

Katika kikao kilichofuata mwenyekiti alimwita dereva, akamwomba radhi mbele ya wajumbe wote. Sisi nasi tukafuata. Kijana alisema neno moja tu: "Yameisha, wazee wangu." Kisha akauliza kama anaweza kuondoka, kwani siku ile ilikuwa zamu ya kumpeleka mzee hospitali.

Daftari la gari sasa lina safu mpya. Upande wa kushoto huandikwa alichosema dereva, kwa maneno yake: lini, wapi, gari likiwa limesimama au linakwenda. Upande wa kulia huandikwa tulichokifanya. Neno "limepokewa" haliruhusiwi upande wa kulia.

Pengine nyumbani kwako hakuna daftari, lakini yupo anayeliendesha gari kuliko wewe: mke anayepeleka watoto shule, kijana anayelikimbiza sokoni, au dereva wa kuajiriwa. Akikwambia kwamba gari linafanya hivi likisimama na vile likitembea, usimwambie kwamba hajui magari. Mwulize maswali matatu, kisha nenda naye kwa fundi, ayaseme yeye.

Tukutane juma lijalo, in shaa Allah.